Upepo sahihi wa matairi kwa gari la spoti kama Subaru WRX

Anza na kibandiko cha vipimo vya upepo kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kipimo cha kPa, kwa hiyo gawa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha geji nyingi: 230 kPa ni kama psi 33. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usijaze kwa kuifuata hata fundi akisisitiza.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala angalau saa 3. Likishatembea, hewa hupata joto na geji huongezeka psi 4 hivi au zaidi. Ukiipunguza hapo, kesho tairi litakuwa na upepo mdogo. Upepo wa mbele na wa nyuma huenda usilingane, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa gari utulivu kwenye kona. Iheshimu.

Matairi ya ubavu mfupi hayasamehe. Upepo ukipungua, shimo moja linabana ubavu kwenye ringi: tairi linavimba, ringi inapinda. Ukizidi, gari linadunda na kuteleza kwenye mvua.

Kila mwezi papasa kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara: kingo zikiisha mapema, upepo ni mdogo, katikati pakiisha, umezidi.