Kuichambua 5895 kwa kalamu na karatasi

Ukiwa mjini Moshi, huna haja ya kuitafuta namba hii. Imechapwa kwenye fulana za watalii, iko kwenye kibao cha kilele cha Uhuru, na watoto wa shule wanaikariri: urefu wa Kilimanjaro kwa mita. Mwanafunzi aliyechoshwa na vigawo vya 24 na 36, mpe hii.

Anza na tarakimu ya mwisho. Ni 5, kwa hiyo 5895 ÷ 5 = 1179. Jumlisha tarakimu za 1179 upate 18, ambayo inagawanyika kwa 9; basi 1179 ÷ 9 = 131.

Hapa wengi huharibu. Wanajumlisha tarakimu za 5895 yenyewe, wanapata 27, wanaandika kwamba inagawanyika kwa 27. Wapi! 27 × 218 = 5886, inabaki 9. Kanuni hii inakubali kwa 3 na 9 kwa sababu 10, 100 na 1000, kila moja ukiigawa kwa 9, hubaki 1. Ukizigawa kwa 27 zinabaki 10, 19 na 1, kwa hiyo kujumlisha tarakimu hakukuambii kitu.

Je, 131 ni tasa? Jaribu 2, 3, 5, 7 na 11, kisha acha: 13 × 13 ni 169, imeshaipita. Zote zinaacha baki. Kwa hiyo 5895 = 3² × 5 × 131.

Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha. 3 × 2 × 2 = 12. Viandike kwa jozi ili usiruke kimoja: 1 na 5895, 3 na 1965, 5 na 1179, 9 na 655, 15 na 393, 45 na 131.

Jumla yake haihitaji kujumlisha kimoja kimoja: (1 + 3 + 9) × (1 + 5) × (1 + 131) = 10,296. Toa 5895 yenyewe, inabaki 4401. Jumla ya vigawo vyake vingine haifikii namba yenyewe, hivyo ni namba pungufu.

Sasa utamu. Vipimo vya setilaiti vya mwaka 2008 viliupa mlima mita 5892. Hiyo ni 2² × 3 × 491, nayo ina vigawo 12. Lakini jumla ni 7 × 4 × 492 = 13,776; ukitoa 5892 inabaki 7884, imezidi! Mita tatu tu, na namba imehama kutoka pungufu kwenda ya ziada.

Jozi zile zina kazi nyingine. Chukua 45 na 131: nusu ya jumla ni 88, nusu ya tofauti ni 43, na 88² − 43² = 7744 − 1849 = 5895. Jozi zote sita zinakubali, maana vigawo vyote ni witiri.

Kuipata kwa kujumlisha vipeo vya pili viwili, usijisumbue. Kipeo cha pili cha namba nzima ukikigawa kwa 4 hubaki 0 au 1, kwa hiyo viwili havibakizi zaidi ya 2. 5895 inabakiza 3.