Spika za mezani kwenye ampu ndogo ya hedifoni

Ampu (kikuza sauti) ya hedifoni ya kubeba mfukoni, ile yenye DAC ndani, yaani kigeuzi cha sauti ya kidijitali kuwa ya analogi, inaweza kulisha spika za mezani kwa sauti safi kuliko tundu la sauti la laptopu nyingi. Mimi nahariri mahojiano yaliyorekodiwa, na tangu nianze kuitumia hivyo nasikia pumzi za msemaji na kiti kinavyolia chini yake. Ila kuna mambo ya kuangalia kabla ya kuchomeka chochote.

Anza na mgongo wa spika. Kama walau moja kati ya hizo mbili ina waya wa umeme au tundu la adapta, zina ampu yao ndani, na maelezo haya ni yako. Kama zote zina vishikio vya waya tu, chekundu na cheusi, basi hazijitegemei. Ampu ya hedifoni hutoa nguvu ya miliwati, wakati spika ya omu 4 au 8 inataka wati. Hapo itabidi ampu ya spika ikae katikati.

Kisha tazama ampu yako ndogo. Ikiwa ina tundu lililoandikwa LINE OUT, tumia hilo. Kwenye vifaa vingi hutoa kiwango kimoja kisichobadilika, mara nyingi karibu volti 2, na kitufe cha sauti cha ampu hakiligusi. Kwa sababu hiyohiyo usichomeke hedifoni humo; utaumiza masikio. Ikiwa kuna tundu la hedifoni peke yake, nalo linafaa, wala usiogope kwamba sauti inakuzwa mara mbili. Ingizo la spika huwa na ukinzani wa maelfu ya omu, kwa hiyo ampu haitoi jasho. Weka tu swichi ya geini, yaani kiwango cha kukuza, upande wa chini.

Kwa spika nyingi za mezani utahitaji waya wenye plagi ya stirio ya milimita 3.5 upande mmoja na plagi mbili za RCA upande wa pili: nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Monita za studio ndizo zinazowachanganya watu. Hizo zinataka waya unaogawanyika kuwa plagi mbili za mono za milimita 6.35, kila spika na yake. Ukichukua waya wa stirio wa kawaida ukauchomeka kwenye ingizo balansi la monita moja (lile linalopokea sauti kwa nyaya mbili na kuchukua tofauti kati yake), spika hiyo itatoa tofauti kati ya kushoto na kulia, na chochote kilicho sawa pande zote kitafutika. Utasikia muziki umebaki mwembamba, na mwimbaji ametoweka kabisa. Ukikutana na hali hiyo usiilaumu spika, badilisha waya.

Tundu la balansi la milimita 4.4 au 2.5 liache kwa ajili ya hedifoni. Adapta inayoligeuza kuwa RCA kwa kuunganisha nyaya hasi za pande mbili inashotisha njia za ampu za kutolea sauti, na inaweza kuiunguza. Sioni faida ya kubahatisha hapo wakati tundu la kawaida lipo.

Sasa sauti. Spika ziwe chini kabisa, kompyuta iwe kwenye asilimia 100, na ampu, kama unatumia tundu la hedifoni, ipandishe hadi karibu robo tatu. Cheza kitu unachokijua vizuri, halafu pandisha spika polepole mpaka zifike kiwango unachopenda. Ukifanya kinyume, ampu ikiwa chini na spika zikiwa juu, spika zitakuza pia mchirizo wao wenyewe, na utausikia kila muziki ukitulia. Sehemu zenye kishindo zikianza kukwaruza, ingizo la spika limezidiwa. Shusha ampu kidogo. Ukishapata mizani hiyo, tumia kitufe kimoja tu kila siku. Mimi natumia cha spika.

Kinachobaki ni mvumo. Ukisikia mngurumo mzito usiokoma, au vijikelele vinavyofuata mausi unapoisogeza, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika hapohapo, chanzo ni laptopu na spika kukutana kwenye njia mbili za ethi. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Isiposaidia, kuna kisanduku kidogo chenye transfoma za sauti kinachokaa kwenye waya wa kwenda spika. Hicho hukata njia hiyo bila kuzuia muziki. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya umeme ili kuua mvumo. Pini hiyo inalinda uhai wako.

Kompyuta isipoiona DAC kabisa, badilisha waya wa USB kwanza: nyingine hupitisha chaji tu, hazipitishi data. Na kwa kuwa ampu itakaa mezani imechomekwa muda mrefu, tazama kama ina swichi ya kuzuia chaji, uitumie ili betri isikae imejaa na moto siku nzima.

Unapowasha, spika ziwe za mwisho; unapozima, ziwe za kwanza, ili ule mlipuko mdogo wa ampu inapoamka au kulala usifike kwenye koni za spika, zile zinazotikisika kutoa sauti.