Namna ya kurudi Ujiji ukiwa huna tena nyumba Ujiji

Nyumba yetu ya Ujiji, mkoani Kigoma, tuliiuza mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya kumzika mama. Tulikuwa ndugu watano, kila mmoja na mji wake, paa linavuja, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi kulala chini yake. Simlaumu mtu, na mimi nilitia sahihi. Lakini tangu siku ile nikisema "nakwenda kwetu" ulimi unasita. Nimerudi mara nne sasa, na mara ya kwanza niliharibu. Haya namwandikia yeyote ambaye kwao kumebaki makaburi na majirani tu.

Anza kwa kupataja kwenu. Nilipoingia Dar es Salaam mwaka 1994 kujifunza cherehani, nikiulizwa natoka wapi nilijibu Tabora. Ukisema Kigoma, swali la pili lilikuwa limeshaandaliwa: "Muha, au Mrundi?" Yaani, mwenyeji au mgeni. Siku moja kwenye ofisi fulani niliambiwa nilete ushahidi wa mahali alipozaliwa babu yangu, na jamaa wa mkoa mwingine tuliyepanga naye foleni karatasi zake zikagongwa muhuri bila swali hata moja. Nilitoka pale nimeumia, na uongo wa Tabora ukanikaa miaka mingi. Nimejifunza kwamba mtu aliyepaficha kwao akifika anatembea kama mgeni, maana tayari alishajifanya mgeni. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, kaa na watoto wako uwaambie kila kitu. Wangu niliwaambia kwamba bibi yao alikuwa Muha, na kwamba babu wa baba yangu alivuka ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo. Binti yangu aliuliza, "Baba, mbona hukutuambia siku zote hizo?" Sikuwa na jibu.

Pili, tafuta mtu wa kukutangulizia salamu. Habari za Ujiji mimi huzipata Kariakoo, Msikiti wa Manyema, tukishaswali Ijumaa. Pale nje hukosi mtu aliyetoka huko wiki hiyo. Atakwambia nani amefariki, nani anaumwa, nani ameolewa. Usifike ukamuulizia marehemu mbele ya mjane wake. Mimi nilifanya hivyo, na uso wa yule mama bado ninao.

Halafu angalia mwezi. Hili watu wengi hawalifikirii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo wavuvi hupumzika. Ukienda wakati wa giza, utaona taa zimejipanga ziwani kama mji mwingine umeota juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, weupe wake ni mkali zaidi. Lakini rafiki zako uliosoma nao wakiwa wavuvi, usiku huo hutawapata, na mchana wamelala. Mimi huenda mbalamwezi. Nawakuta wamekaa chini ya mwembe wanashona nyavu, na mtu anayeshona nyavu ana muda wa kuzungumza. Ulizia pia kama ziwa limefunguliwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliyekwenda miezi ile akitegemea dagaa alirudi mikono mitupu.

Panda treni ukiweza. Ndege inakushusha Kigoma roho ikiwa bado Dar. Treni inachukua kama siku mbili, mara nyingine zaidi, na inakurudisha kidogo kidogo: asali ya Tabora dirishani, kisha Kaliua, kisha Nguruka. Ukifika Uvinza uanze kujiweka sawa. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyoipa Kigoma ukubwa ikaiacha Ujiji pembeni, sisi tuliokuwa mji wa misafara kabla hata Kigoma haijahesabika. Wazee wetu hawakuwahi kulisahau hilo. Ukiwa kwao usiseme "nimekuja Kigoma". Sema Ujiji.

Sasa kosa langu la mwaka 2011. Nililala hoteli Kigoma mjini, nikakodi teksi, nikasimama mbele ya nyumba yetu ya zamani, nikapiga picha tatu, nikaondoka. Hakuna niliyemwamkia. Jioni ile nililia chumbani, nikadhani nalilia nyumba. Mwaka 2016 ndipo nilipoelewa kwamba nililia kwa sababu nilipita mbele ya macho ya majirani kumi bila kusema shikamoo.

Kwa hiyo: lala kwa watu, hata kama ni mkeka sebuleni. Nyumba ya kwanza kuingia iwe ya mzee mkubwa kuliko wote waliobaki mtaani, siyo ya rafiki yako. Usiingie mikono mitupu. Mimi humshonea kanzu, kipimo nikiuliza kwa simu. Fedha mpe mwisho, faraghani, ukiaga. Ukila, kula walichopika. Ukiwekewa ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyekaangwa kwa mawese, usiseme daktari amekukataza mafuta.

Nyumba yenyewe iendee siku ya pili au ya tatu, ukiwa na jirani wa kukutambulisha. Aliyenunua hana kosa. Ana haki ya kuogopa, maana watu wanaorudi kwenye nyumba zilizouzwa wengine huja na kesi. Jirani yangu alibisha hodi, akasema, "Mama, huyu ni kijana wa hapa, amekuja kusalimia tu." Nikampa khanga, nikabaki barazani. Sikuomba kuingia. Aliniita mwenyewe.

Uani kuna sakafu ya saruji ambayo baba aliimwaga mimi nikiwa darasa la pili. Kwenye kona ya karibu na jiko pana shimo la duara, kina chake vidole viwili. Ndipo kilipokaa kinu. Mama alitwanga sombe, yaani kisamvu, pale kwa miaka zaidi ya ishirini, kila jioni, na saruji ikaliwa taratibu. Mwenye nyumba ameweka ndoo ya maji hapo, imekaa sawasawa. "Nilikuwa najiuliza hili shimo la nini," akasema. Nikamweleza. Akaiondoa ndoo, tukaliangalia wote wawili, kisha akairudisha. Nilifurahi kwamba aliirudisha. Ukienda, tafuta kitu kimoja namna hiyo, mweleze anayeishi hapo, na usiombe kukichukua.

Makaburini nenda na mtu aliyekuwepo kwenye maziko, maana mengi hayana maandishi. Beba jembe na fyekeo lako. Fyeka na la jirani.

Jiandae pia kwa ziwa. Mwaka 2021 nilikuta maji yamepanda, na mchanga tuliochezea mpira na kuanikia dagaa uko chini ya maji. Nilimuuliza mzee mmoja kama haimuumi. Akasema, "Mwanangu, ziwa lilikuwepo kabla yetu." Mimi bado linaniuma, na sioni haja ya kujificha kwa hilo.

Siku ya kuondoka aga nyumba zile zile ulizoingia, kwa mpangilio ule ule. Dagaa nunua siku hiyo, waliokauka vizuri. Wakiwa na unyevu watavunda kabla ya Morogoro. Dumu la mawese weka nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, kisha lisimamishe miguuni mwako, usilipandishe juu. Safari ya mwisho mwenye nyumba yetu ndiye aliyenijazia dumu. Alikuja nalo mwenyewe hadi stesheni, akanikabidhi dirishani, akasema, "Ukija tena usipitie kwa jirani. Piga hodi."