Namna ya Kuzisoma Sifa za Zuhura kwa Macho na Darubini Ndogo

Zuhura, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Ng'andu, ndiyo sayari inayotukaribia kuliko zote: inapopita kati yetu na Jua huwa umbali wa takriban kilomita milioni 40, ilhali Mirihi haitukaribii zaidi ya milioni 55 hivi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzifikia sifa zake za kimaumbile kwa kuanzia na kile unachokiona mwenyewe angani, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba sifa uliyoishuhudia kwa jicho haisahauliki upesi kama tarakimu uliyoikariri.

Kwanza itafute. Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni takriban digrii 10. Zuhura haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 47, yaani ngumi zisizotimia tano, kwa hiyo itazame upande wa magharibi baada ya machweo au mashariki kabla ya mapambazuko, wala usiitafute utosini usiku wa manane. Kwetu tunaoishi karibu na ikweta huteremka karibu wima, na katika majira yake mazuri huweza kubaki angani kwa muda wa saa tatu hivi baada ya Jua kuzama. Ukiondoa Mwezi, hakuna nyota wala sayari inayoishinda kwa mng'ao.

Mng'ao huo ndio sifa ya kwanza ya kuandika daftarini. Zuhura imefunikwa pande zote na mawingu mazito, kuanzia kimo cha kilomita 48 hivi hadi 70, nayo hurudisha angani takriban robo tatu ya mwanga wa Jua unaoyafikia. Mawingu hayo si ya mvuke wa maji kama yetu, bali ni ya matone ya asidi ya salfuriki, ile ile inayotiwa kwenye betri za magari. Ndiyo maana hata mwenye darubini kubwa haoni mlima wala bonde: anachokiona ni mawingu tu.

Hatua ya pili inahitaji darubini, hata ile ya macho mawili inayokuza mara 10. Tafadhali zingatia hili bila kulegeza: usiielekeze huko mpaka Jua liwe limezama lote, na kama unatazama alfajiri, iweke kando kabla halijachomoza, kwa sababu kulitazama kupitia lenzi, hata kwa kitambo kidogo, kwaweza kukupofusha. Egemeza viwiko ukutani ili mikono isitetemeke. Tazama mapema, anga lingali na weupe, kwani giza likishaingia mng'ao wa sayari huumiza jicho na kuficha umbo.

Chora umbo hilo kila wiki. Zuhura inapokuwa ng'ambo ya Jua huonekana ndogo na karibu duara. Inapofikia mwachano wake mkubwa huwa nusu. Kisha hukua na kukonda kwa pamoja hadi kuwa hilali nyembamba, iliyolala kama mashua sawa na mwezi mwandamo wetu. Mzunguko mzima wa maumbo haya huchukua takriban siku 584. Galileo aliyaona mwaka 1610, na yalimthibitishia kwamba sayari hiyo huzunguka Jua.

Hilali hiyo hukuwezesha pia kuupata ukubwa wa sayari. Programu ya bure ya Stellarium hutaja umbali wa Zuhura na upana wake kwa sekunde za pembe, ambazo ni 3,600 katika digrii moja. Siku iliyo umbali wa kilomita milioni 50, upana wake kutoka ncha hadi ncha ni sekunde 50. Zidisha 50,000,000 kwa 50, kisha gawanya kwa 206,265, namba inayogeuza sekunde za pembe kuwa uwiano wa upana na umbali: utapata kilomita 12,120 hivi. Kipenyo kilichopimwa na wataalamu ni kilomita 12,104, karibu sawa na cha Dunia. Nguvu ya mvutano nayo haipishani sana na yetu, kiasi kwamba mwenye kilo 70 hapa angejihisi kama mwenye 63 huko.

Yaliyo chini ya mawingu tumeyajua kwa vyombo. Angahewa ni kaboni dioksaidi kwa asilimia 96.5, hewa inayopitisha mwanga na kulizuia joto lisitoroke, hivyo ardhi ina nyuzi 465 za Selsiasi usiku na mchana, joto linalotosha kuyeyusha metali ya risasi. Uzito wa hewa hiyo hukandamiza mara 92 kuliko yetu, sawa na kuwa baharini kina cha mita 900 hivi. Sayari hujizungusha kinyume na Dunia, mara moja kwa siku 243, hivyo Jua huchomoza magharibi. Kati ya 1990 na 1994 chombo cha Magellan kilipenya mawingu kwa rada na kuchora tambarare kubwa za lava, pamoja na milima ya Maxwell yenye kimo cha kilomita 11 hivi.

Kabla ya kutoka nje jioni inayofuata, zitazame picha za Venera 13, chombo cha Kisovieti kilichotua huko Machi 1, 1982 na kudumu dakika 127: mawe bapa yaliyopasuka, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa.