Kuandika Hadithi kwa Msaada wa Muziki: Utaratibu Ninaoufuata

Ninaandika hadithi fupi na michezo ya redio katika chumba cha ghorofa ya pili huko Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa ambao haujui kimya: asubuhi ni honi za tuktuk, alasiri ni watoto wanaotoka chuoni, na mwisho wa juma ni ngoma za harusi hadi usiku wa manane. Nilianza kuweka muziki masikioni ili kuziba kelele hizo tu. Haikuchukua muda kabla sijatambua kwamba muziki nao huingia katika maandishi, kwa heri au kwa shari, kutegemea unavyoutumia.

Hatua ya kwanza: tenga muziki wenye maneno

Usiandike huku ukisikiliza nyimbo za lugha ile ile unayoiandikia. Sikio halipuuzi maneno linayoyaelewa, hata ukijiambia kwamba husikilizi. Niliwahi kuandika ugomvi wa mama mkwe na mkaza mwana huku taarabu ya mafumbo ikiimba, nikaenda kulala nimeridhika kabisa. Kesho yake nilimkuta mama mkwe akisema hivi: “Nyumba nilijenga mimi, wewe umekuja jana.” Hesabu mizani: nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane katika utao, nusu ya pili. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na mkaza mwana alikuwa akimjibu kwa vina, kana kwamba wawili hao wamealikwa jukwaani. Nililazimika kuvunja kila sentensi. Ile ya kwanza ikawa: “Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Wewe umefika lini?”

Hayo hayana maana kwamba nyimbo hizo hazifai. Nyimbo za Juma Bhalo na za Zein l’Abdin, mpigaji udi mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kuimba hapa Mombasa, nazisikiliza kabla ya kukaa mezani, chai inapochemka, kwa sababu hunikumbusha jinsi Kiswahili kinavyoweza kusema jambo zito bila kulitaja. Maji yakishachemka, nazizima.

Hatua ya pili: tafuta ala tupu

Wengi hukimbilia piano za Ulaya, nami sina ugomvi nazo, ila hazina sababu ya kuwa chaguo la kwanza la mwandishi wa pwani. Taarabu ya Zanzibar ina bashrafu, kipande cha ala tupu ambacho kwa desturi hufungua onyesho, na ambacho asili yake ni muziki wa Kituruki. Vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, vimekihifadhi. Ipo pia taksimu, yaani udi au kanuni (ala ya nyuzi nyingi) ikipigwa peke yake bila mdundo wa kuibana. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hutua inapotaka, na sentensi yangu nayo hupata nafasi ya kutua.

Hatua ya tatu: tukio moja, kipande kimoja

Chagua kipande kimoja kwa kila tukio, kisha ukirudie mpaka usikisikie tena. Siku utakaporudi kwenye tukio hilo, hata baada ya wiki mbili, kipande hicho kitakurudisha haraka kuliko kusoma upya ulichoandika. Kwa matukio ya mbio au vurugu mimi hutumia mdundo wa chakacha, ngoma ya harusi za pwani, usio na uimbaji. Mapigo yake sita waweza kuyahesabu mawili mawili au matatu matatu, na mwili hauamui ufuate lipi. Wasiwasi huo ndio ninaoutaka mhusika anapokimbilia feri ya Likoni huku lango likifungwa. Sentensi zangu hapo hufupika zenyewe.

Hatua ya nne: andaa mapema

Pakua muziki wako siku moja kabla, upange wa dakika 40 hivi, na ukiisha uinuke. Ukitegemea intaneti, ipo siku tangazo la mkopo wa simu litakuingilia katikati ya mazishi, kama lilivyoniingilia mimi, na marehemu hatazikika tena siku hiyo.

Hatua ya tano: zima kila kitu, usome kwa sauti

Hatua hii huiruki hata ukiwa na haraka. Udi hukopesha huzuni, na mwandishi aliyekopa hudhani ni yake. Subiri siku moja, zima muziki, kisha usome kwa sauti ya kusikika, ukitia alama kwa penseli kila mahali moyo wako uliposisimka wakati wa kuandika lakini sasa umetulia tuli. Juzi nilisoma hivyo ukurasa wa mjane anayekunja kanzu za mumewe. Nilibaki na sentensi mbili, zote za kanzu. Machozi yote yalikuwa ya udi.