Injini ya boti iliyotoka baharini, itoe chumvi kwanza ndo uishushe bwawa la Nyumba ya Mungu

Ndugu zangu wavuvi wa Mwanga, Simanjiro na huku kwetu Moshi, habari za kazi. Mimi ni fundi wa injini, na kila mara naletewa injini kuukuu ya boti iliyonunuliwa Tanga au Pangani, mtu kapata bei nzuri anataka aifunge leo kesho awe bwawani anavua perege. Naomba sana usifanye hivyo. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kila lita na ndo hayohayo yanayozunguka ndani kupoza silinda, sasa injini ikizimwa yanakauka chumvi inaganda kwenye vinjia vya maji. Bahari umeiacha mbali lakini chumvi umesafiri nayo kwenye pikapu, na chumvi inakula mashine hata ikiwa imelala tu stoo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha ndani. Tafuta pipa, simamisha injini kwenye ubao imara, chomoa propela, jaza maji safi mpaka yale matundu ya kunyonyea yazame kabisa, weka frii yaani gea isishike, washa. Fanyia nje maana ule moshi ni sumu. Iache iungurume taratibu dakika 15, na hapa watu wengi wanakosea, wanazima baada ya dakika 3 wakati themostati, ile vavu inayopitisha maji kwenda juu, haifunguki mpaka injini ishike joto, yaani umeosha chini tu, juu kwenye hedi maji mapya hayajafika. Alafu usiiwashe kavu hata kidogo, impela, kile kipangaboi kinachosukuma maji, imetengenezwa kwa mpira, bila maji inaungua ndani ya sekunde chache.

Ikiwa inaunguruma angalia mkojo wake, ule mchirizi wa maji unaotoka kwa nyuma. Ukiwa mwembamba au unakatikakatika zima hapohapo. Kuna moja nililetewa mwenyewe akalalamika inachemka, nilipofungua kifuniko cha themostati nikakuta ugaga mweupe mgumu kama magadi na themostati imenatia. Nikailoweka kwenye siki nyeupe usiku kucha, asubuhi nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji nikawasha jiko, nikakaa naiangalia, maji yalivyozidi kupata moto ikaanza kufunguka polepole yenyewe. Ingegoma hapo ni kununua nyingine tu. Impela nayo badilisha, usiulize ilikaa muda gani.

Boliti za injini ya baharini usizilazimishe jamani, chuma kimekaa ndani ya aluminiamu na chumvi imevishikanisha, ukivuta kwa nguvu inakatikia ndani na hapo unaanza gharama nyingine. Weka oili ya kulegeza kutu, gonga kidogokidogo, acha ilale, kesho jaribu tena. Ukirudisha paka grisi kila moja.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kile kipande cha zinki kilichofungwa chini karibu na propela. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya injini. Baharini kinafaa lakini kwenye maji yasiyo na chumvi kama ya Nyumba ya Mungu kinajifunika utando kinaacha kufanya kazi, kwa hiyo huku funga cha magneziamu au aluminiamu, na usikipake rangi.

Oili ya gea, fungua skrubu ya chini uitazame, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, mara nyingi ni uzi wa nyavu uliojisokota nyuma ya propela ukakata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Kujaza unajazia chini mpaka itoke tundu la juu. Na kama ni injini ya kuchanganya oili kwenye petroli tumia oili ya injini za boti, sio ya pikipiki, nyingi ni 50 kwa 1 yaani mililita 400 kwenye lita 20, ila zile za zamani sana zinataka zaidi, soma kibao chake.

Wewe ambaye boti yako bado iko Pangani, hiyo ya kuosha ni kila ukirudi, sio mwisho wa mwezi. Ukimaliza isimamishe wima mpaka matone yaishe kabisa ndo uilaze kwenye gari, ukiilaza mapema yale maji yaliyobaki yanaweza kurudi yakaingia kwenye silinda.