Mwanao Anakula Unga? Anza Hivi Kumwelewa

Kazi yangu ni kusindikiza familia kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu waraibu wa unga (heroini), hapa Temeke, Dar es Salaam. Mama wengi hunijia na swali moja: "Huyu mtoto hanionei huruma?" Huruma anayo, mama. Anaumwa.

Kwanza ijue arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga. Huanza saa sita hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, ngozi inamsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linaendesha, mifupa inauma, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa lenyewe. Aliyeuza pasi yako alfajiri hatafuti raha. Raha iliisha zamani. Ubongo umeshazoea unga kiasi kwamba bila unga hata kusimama ni kazi, na ile sehemu ya kumwambia "acha" imedhoofika.

Kwa hiyo acha kumuuliza "kwa nini unanifanyia hivi?" Muulize alianza akiwa na umri gani. Breki za ubongo hukomaa mtu akikaribia miaka 25, basi aliyeanzia kokteli ya bangi na unga akiwa na 15 amenaswa mapema.

Halafu ulizia ukoo, pande zote mbili. Yupo mjomba aliyemalizwa na gongo? Karibu nusu ya hatari ya uraibu hutokana na urithi. (Hapo ndipo baba wengi hukumbuka wana simu ya kupiga nje.)

La tatu lina uzito, na halisemwi sebuleni: kufiwa, kupigwa, kuingiliwa utotoni, sonona. Mpe mtu anayemwamini azungumze naye pembeni. Usimlazimishe.

La nne ni maskani. Wanajeshi wengi wa Marekani walikula heroini Vietnam, na miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins akakuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu kule waliacha waliporudi kwao. Kijana wako yeye akitoka soba (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha) anarudi mtaa uleule, na muuzaji anamwita kwa jina.

Sasa tiba. Kumfungia chumbani ni kumtesa tu. Methadoni ni dawa ya maji, ya bure, anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, kisha Mwananyamala na hapa kwetu. Majirani watasema amebadilishiwa unga kwa unga. Waache waseme. Dozi ikishapangwa vizuri hapati stimu, arosto inakaa mbali siku nzima, na kichwa kinapata nafasi ya kufikiria kazi.

Kuwa macho zaidi siku anapotoka jela au soba. Mwili umeshasahau unga, kwa hiyo kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, pumzi za kuhesabika, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi.

Siku ya kwanza kliniki njooni asubuhi, na mkipiga hesabu ya nauli msiishie hiyo siku moja. Dawa ni ya kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, na vijana wengi ninaowaona wakikatisha, kilichowakwamisha ni nauli.